Sato wameingia lambo la kijiji juu ya Ruaha Mdogo: tunawatoaje?

Mwanalambo (Iringa Vijijini)

Wakuu habari. Naomba majibu ya wanaojua kazi hii, si ya kubahatisha.

Kijiji kina lambo la kunyweshea mifugo na bustani. Likijaa lina urefu wa mita 60, upana 40 na kina cha wastani mita 1.5. Kufika Agosti kina hubaki kama mita 1. Maji ni ya mvua pamoja na kijito chembamba. Yakizidi yanatoka pembeni ya tuta, yanarudi kwenye kijito kilekile na baada ya kilometa 2 hivi yanaingia Ruaha Mdogo.

Samaki wa asili humo ni perege na kambare. Juu yetu kuna mabwawa ya kufugia sato, na mvua za Machi zilivunja tuta la bwawa mojawapo. Sasa kwenye lambo tunaona sato wakubwa wachache na vifaranga wengi wasioeleweka ni wa nani. Perege wanaovuliwa ni wadogo, viganja vya mtoto.

Kikao cha kijiji kimetoa mawazo matatu: kumwaga utupa (majani yanayotwangwa kuwa sumu ya samaki), kukaribisha wavuvi wavue mpaka waishe, au kuleta sangara awale. Bodi ya maji ya bonde nao wametuambia tusiruhusu samaki hao kuteremka mtoni. Ipi inafanya kazi, na kwa hatua zipi? Na kama wameshafika mtoni, kuna haja ya kuhangaika?

---

Pezi_la_Nyuma (Mbeya)

Mkuu, anza na utambuzi. Sokoni perege yeyote aliyenenepa anaitwa sato, na kuna watu wameshakausha bwawa zima kwa ajili ya samaki ambaye si mgeni.

Vueni samaki 30 wa ukubwa tofauti, muwaangalie wakiwa hai au wamekufa muda huohuo, kwa mwanga wa jua, mkia ukiwa umekunjuliwa kwa vidole. Sato, yaani Oreochromis niloticus, ana mistari myembamba ya wima iliyojipanga kwenye mkia kuanzia shina mpaka ukingoni, kama kitambaa cha kikoi. Kwa samaki wa sentimita 10 kwenda juu mistari hiyo haina ubishi. Kwa mdogo zaidi usiiamini sana.

Perege wa asili wa bonde la Rufiji, ambamo Ruaha Mdogo imo, ni Oreochromis urolepis. Mkia wake hauna mistari hiyo iliyopangika. Dume akiwa tayari kuzalisha anakuwa mweusi na kingo za mapezi zinaingia wekundu.

Kuna mgeni wa tatu ambaye watu humsahau: Oreochromis leucostictus, mdogo, mweusi-mweusi, dume wake ana madoa meupe ubavuni na kwenye mapezi. Huyu huja amechanganyika na vifaranga vya sato bila muuzaji kujua. Ukikuta perege wa mwili mpana, tumbo jekundu na doa jeusi kwenye sehemu ya nyuma ya pezi la mgongoni, huyo ni Coptodon rendalli, mla majani. Yeye ana hesabu yake nyingine.

Ukiona mistari nusunusu, imekatika au iko upande mmoja wa mkia, shuku machotara. Sato na urolepis wanazaana, na watoto wao wanazaa vilevile. Ndiyo hasara kubwa kuliko kuliwa kwa chakula: baada ya vizazi vichache hakuna perege wa asili wala sato, kuna mchanganyiko tu. Kwa jicho huwezi kumthibitisha chotara. Kata kipande cha pezi chenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kiweke kwenye kichupa chenye spiriti safi ya asilimia 95, andika namba ya samaki kwa penseli kwenye karatasi ndani ya kichupa (wino wa kalamu unayeyuka), halafu kupitia afisa uvuvi wa wilaya kipelekwe TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi.

Jambo gumu kumeza: kama machotara wapo, usijaribu "kuokoa perege wa asili" kutoka lambo hilohilo ili uwarudishe baadaye. Wote wanaondoka. Anayeweza kuokolewa ni kambare, kwa sababu hawezi kuchanganya uzazi na perege.

---

Bomba_Nne (Makambako)

Nakuja kwenye kazi yenyewe. Lambo linaloweza kukaushwa lote ndilo mahali pekee ambapo mna uhakika wa kuwamaliza. Lenu linakaushika. Nitaeleza kwa vipimo vyako.

Muda kwanza. Wengi husubiri Oktoba kwa sababu maji yamepungua. Kwa nyanda za juu Agosti ni bora. Sato huacha kuzaa maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hivi, na malambo ya Iringa hufika huko Juni mpaka Agosti. Maana yake majike wengi hawana mayai mdomoni. Ukisubiri Oktoba maji yameshapata joto, kila jike mkubwa amebeba. Kausha Agosti, jua na upepo wa Septemba na Oktoba viumalizie udongo, mvua za Novemba au Desemba zijaze.

Hesabu. Kujaa lambo lina 60 × 40 × 1.5, sawa na mita za ujazo 3,600. Agosti yamebaki kama 2,400. Saifoni moja (bomba linalovusha maji juu ya tuta bila pampu) ya inchi 4, yenye urefu wa mita 30 hivi na tofauti ya kimo ya mita 2 kati ya uso wa maji na mdomo wa kutolea, hutoa lita 10 hadi 15 kwa sekunde. Chukua 12: ni mita za ujazo 43 kwa saa, basi saa 56. Kadiri maji yanavyoshuka kasi nayo inapungua, kwa hiyo panga siku 3 usiku na mchana. Mabaki ya sentimita 30 za mwisho yatatolewa kwa pampu ya petroli ya inchi 3.

Kufunga saifoni: laza bomba juu ya tuta, funga ncha ya chini kwa valvu, ncha ya lambo iwe chini ya maji na kizibo. Jaza maji kupitia tundu la juu kabisa mpaka mapovu yaishe, ziba tundu, toa kizibo cha ndani, halafu fungua valvu polepole. Ikikata baada ya dakika chache tatizo ni hewa, na karibu kila mara inaingia kwenye viungio vya juu ya tuta. Vipake gundi upya na kuvifunga mpira wa ndani wa baiskeli. Jambo la kukumbuka huku kwetu: kwenye kimo cha mita 1,600 hewa ni nyepesi, saifoni haipandishi maji sawa na Dar. Kutoka uso wa maji mpaka mgongo wa tuta usizidi mita 5.

Sasa mahali wengi wanapoharibu. Maji yanayotoka yasiende kwenye kijito. Kifaranga wa sato aliyetoka mdomoni mwa mama ana urefu wa milimita 8 hadi 10. Bomba la inchi 4 linawanyonya kwa mamia, na ukielekeza mdomo kijitoni umewasafirisha kwa mikono yako mwenyewe. Elekeza maji kwenye shamba lililovunwa, lenye matuta madogo pande zote, yanywewe na udongo. Ncha ya ndani ivikwe kapu la waya, juu yake chandarua. Ncha ya nje ipite kwenye sanduku la mbao lenye wavu wa milimita 1. Tengenezeni masanduku mawili, moja likisafishwa jingine linafanya kazi, kwa sababu tope litaziba wavu kila baada ya saa chache na kijana wa zamu ya usiku atashawishika kuutoa.

Maji yakibaki magotini ndipo mnavua. Nyavu, mikono, mabeseni. Angalieni kwa makini jike mwenye taya lililovimba chini: ukimshika anafumbua mdomo na kutema vifaranga, kundi zima kama punje za ulezi zenye macho, na wakiangukia kwenye alama ya kwato yenye maji ya kikombe kimoja wanaishi humo. Kwa hiyo samaki ashikwe juu ya beseni, asitupwe kando ya maji. Wakubwa wanaliwa, hawana tatizo lolote. Ila hakuna samaki anayeondoka hai. Watu wawili wa kusimama njiani kuangalia ndoo ni muhimu kuliko wavu wa kumi.

Kambare wa kuokolewa waoshwe mara mbili kwa maji safi, kisha waingie kwenye simtanki lisilokuwa na maji ya lambo. Na huyo huyo kambare ndiye atakayewasumbua, anajichimbia kwenye tope na kuonekana tena baada ya siku tatu. Mwacheni, si yeye mnayemtafuta.

---

Bomba_Nne (Makambako)

Naendelea, chokaa inahitaji ujumbe wake.

Baada ya kuvua hubaki madimbwi, chemchemi za chini, mashimo ya ng'ombe. Hayo hayakauki na humo ndimo mradi wote hufia. Dawa yake ni chokaa isiyozimwa, ile inayotoka tanuruni kabla haijapata maji. Kiasi: kilo 10 hadi 15 kwa kila mita za mraba 100. Sakafu yako ni mita za mraba 2,400, kwa hiyo kilo 240 hadi 360, yaani mifuko 10 hadi 15 ya kilo 25. Madimbwi na tope bichi vipewe kwanza na kwa wingi, pakavu pabaki na vumbi tu. Lengo ni maji ya dimbwi yapande pH, yaani kipimo cha ukali wa maji, zaidi ya 11. Pimeni kwa karatasi za rangi, msikisie.

Chokaa ya kilimo haiui samaki. Na chokaa ya kupaka ukuta iliyokaa dukani mwaka mzima imeshajizima kwa unyevu wa hewa. Kipimo cha dukani: chukua donge la ukubwa wa ngumi, liweke kwenye kopo, mwagia maji kidogo. Likichemka, likatoa mvuke na kupasuka, ni hai. Likilowa tu na kutulia, muachie mwenyewe. Inayochomwa bonde la Songwe ukiipata ndani ya siku chache baada ya kutoka tanuruni ni nzuri.

Inachoma. Buti, glavu za mpira, miwani iliyofunika pembeni, upepo uwe mgongoni. Ikimpata mtu kwenye ngozi ipanguswe ikiwa kavu kwanza ndipo aoshwe kwa maji mengi, maana maji kidogo ndiyo yanaiwasha. Ikiingia jichoni ni maji mengi mfululizo dakika 15 hadi 20 na hospitali.

Mifugo isikaribie mpaka pH ishuke chini ya 9, kwa kawaida siku 10 hadi 14. Hapa ndipo kikao kinapovunjika kwa hiyo pangeni kabla: josho na hori la maji mbadala viwe tayari kabla ya kufungua valvu. Acheni sakafu ipasuke nyufa za kuingia vidole.

---

Mwanalambo (Iringa Vijijini)

Asante sana wakuu. Wazee bado wanasema utupa ni rahisi, unapatikana mashambani bure na kazi ni ya asubuhi moja. Naomba nipate la kuwajibu.

---

Pezi_la_Nyuma (Mbeya)

La kwanza ni sheria. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009 zinakataza sumu kwenye maji ya uvuvi. Haisemi sumu ya dukani peke yake.

La pili ni namna utupa unavyofanya kazi. Ndani yake mna rotenoni. Inaingia kupitia matamvua na kuzuia chembe za mwili kutumia oksijeni, samaki anakosa pumzi akiwa ndani ya maji yenye hewa tele. Haichagui. Sato, perege, kambare wadogo, viluwiluwi na wadudu wa majini ambao ni chakula cha samaki, wote wanapigwa. Kinachochekesha ni kwamba unaweza kuua vyote hivyo na sato wakabaki, kwa sababu nguvu ya majani inatofautiana kati ya mti na mti, umri wa jani na namna lilivyotwangwa. Hujui umeweka kiasi gani. Samaki wanakimbilia penye chemchemi, ambapo maji mapya yanawafikia bila dawa, wanasubiri siku chache sumu ivunjwe na jua, wanarudi kwenye lambo tupu lisilo na mshindani. Na kijito chenu kinapita humo, kwa hiyo sumu inateremka.

Rotenoni inatumika kitaalamu kwenye kazi hii hii, nakubali. Mfano unaojulikana zaidi Afrika ni mto Rondegat, milima ya Cederberg, Afrika Kusini. Samaki mgeni kutoka Amerika aitwaye "smallmouth bass" alikuwa amemaliza samaki wa asili kwenye kipande cha kilometa 4 hivi. CapeNature, shirika la uhifadhi la huko, walitibu kipande hicho mwaka 2012 wakarudia 2013. Lakini ona masharti: kulikuwa na maporomoko juu ambayo mgeni hakuweza kuyapanda, na kizuizi chini, dawa ilikuwa ya kiwandani yenye nguvu iliyopimwa, na kasi ya mto ikapimwa ndipo kiasi kikakokotolewa, chini ya kipande waliweka pamanganeti ya potasiamu kuizima isiteremke, wadudu na samaki walihesabiwa kabla na baada. Samaki wa asili walirudi wenyewe kutoka juu ya maporomoko. Kinu na kikapu cha majani havifiki huko. Na lambo linalokaushika halihitaji hata hiyo dawa ya kiwandani.

Sangara sitapoteza muda naye. Aliwekwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na samaki wadogo wa asili walioteketea baada yake ni wengi kuliko mtu anavyoweza kuwataja. Tena hapendi maji yenye hewa chache, lambo la mifugo lingemuua kabla hajashiba.

---

Kitoweo_Kwanza (Njombe)

Samahani wataalamu, mimi sioni kosa la sato. Anakua haraka, anauzika, watoto wanapata protini. Huyo perege wa asili wa kiganja ana faida gani hata tukaushe lambo? Victoria wanakula sato na hakuna aliyekufa.

---

Mwana_Kreta (Tukuyu)

Swali lako ni la haki, Kitoweo, na kwa mto ambao sato ameshaenea jibu langu ni: mvueni, mleni, msihangaike. Hakuna nyavu wala dawa inayommaliza kwenye mto ulio wazi. Mkiacha majike 10 tu, kila mmoja akitoa vifaranga 300 mara tatu kwa msimu wa joto, ni 9,000. Wengi watakufa, lakini hata sehemu ndogo inatosha. Na uvuvi wa matundu makubwa unawaondoa wakubwa, wadogo wanaanza kuzaa wakiwa na gramu 30 au 50, ndio hao wa kiganja mnaowalaumu. Udumavu huo ni wa msongamano na baridi, si wa uasili wa perege. Mkiweka sato 5 kwa mita ya mraba bila chakula, Njombe, mtapata sato wa kiganja vilevile.

Victoria nako sato ni mgeni, aliletwa miaka ya 1950. Wenyeji walikuwa ngege na mbiru, waliokuwa ndio uvuvi wenyewe. Leo kuwapata ndani ya ziwa ni kazi, wamebaki zaidi kwenye maziwa madogo ya pembeni. Sangara, uvuvi na kubadilika kwa maji vilichangia, sato hakufanya peke yake, ila alichukua nafasi yao na kuzaana nao.

Kinachonifanya nishike upande wa wenye lambo ni hiki. Rungwe kuna maziwa ya kreta, yaani mashimo ya volkano, yasiyo na mto wa kuingia wala kutoka. Ziwa Chungruru lina perege wake, Oreochromis chungruruensis, ambaye duniani kote yumo humo tu. Ziwa Kisiba, ambalo wengine wanaliita Masoko, lina samaki wadogo ambao utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha wanajigawa kuwa aina mbili ndani ya ziwa moja: wa kando wenye madume ya njano na wa kina kirefu wenye madume ya bluu. Sato hawezi kuogelea mpaka Chungruru. Atafika kwa ndoo, na ndoo hiyo itabebwa na mtu mwenye nia njema kama yako, anayetaka watoto wapate protini. Ziwa la namna hiyo likichafuka huwezi kulikausha. Perege huyo amekwisha.

Kwa hiyo mimi huuliza maji haya yapo kundi gani. Yaliyofungika na bado safi, kama kreta: linda, hakuna kifaranga kutoka nje, hata cha serikali bila kibali. Yaliyofungika na yameingiliwa, kama lambo hili: kausha. Yaliyo wazi na yameingiliwa: vua, kula, zuia wasipande juu zaidi. Mwanalambo aliuliza kuhusu mto. Hata kama wameshafika Ruaha Mdogo, lambo lisilokaushwa linaendelea kumwaga maelfu kila masika juu ya maporomoko ambayo sato wa mtoni asingeyapanda. Sehemu za juu za vijito ndizo zenye perege safi, na ndizo mnazopigania.

---

Kitoweo_Kwanza (Njombe)

Nimekuelewa mkuu. Na anayefuga sato kihalali, afunge bwawa lake?

---

Bomba_Nne (Makambako)

Hapana, azibe. Huyo wa juu yao ndiye wa kuzungumza naye kabla ya kukausha, la sivyo mwakani mnarudia.

Bwawa lake lihamishwe au tuta lipandishwe liwe angalau sentimita 50 juu ya alama ya mafuriko makubwa ya kijito hicho. Waulizeni wazee alama iko wapi, wanaijua kuliko kipimo chochote. Bomba la kutolea liwe na vichujio vitatu vinavyofuatana: cha nje milimita 10 kuzuia majani, cha kati 5, cha ndani 1. Ukiweka cha milimita 1 peke yake kinaziba kwa majani usiku wa mvua ya kwanza, maji yanapanda juu ya tuta, na hivyo ndivyo tuta linavyovunjika.

Mfugaji anunue vifaranga madume watupu. Vya kugeuzwa kwa homoni kwenye chakula ndani ya wiki tatu au nne za mwanzo huwa na majike wachache wanaoponyoka, havifiki asilimia mia. Hata hivyo tofauti ni kubwa: wakitoroka hawana kundi la kuzaana wao kwa wao, ingawa dume bado anaweza kuzaa na perege jike wa asili. Akiweka na kambare wa bonde hilohilo, kambare mmoja kwa perege 10 hadi 20, na awe mdogo kuliko perege walioko, vifaranga vinavyozaliwa kwa bahati mbaya vinaliwa. Kambare anapunguza tu, hamalizi. Asipewe kazi ya kusafisha lambo.

Kwenye lambo lenu, njia ya maji ya ziada iwe na kidato cha wima cha mita 1 kinachoangukia mawe makavu, pasiwe na dimbwi chini yake. Perege anahitaji dimbwi la kuchukulia mwendo ili aruke. Maji ya kijito yanayoingia yapite kwenye mfuko wa kitambaa cha wavu wa nusu milimita, wenye urefu wa mita 2, ufungwe mdomoni mwa bomba la kuingizia. Masika ugeuzwe na kuoshwa kila siku. Mkiusahau siku tatu utapasuka kwa tope.

---

Pezi_la_Nyuma (Mbeya)

Ya mwisho kwangu, vibali na kurudisha samaki.

Kubadilisha maji ya lambo lililo kwenye kijito kunagusa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ofisi yao iko Iringa mjini, nendeni na muhtasari wa kikao cha kijiji. Afisa uvuvi wa wilaya awape barua ya kutumia nyavu za matundu madogo kwa siku hizo tu, kwa sababu bila barua mnaweza kukamatwa mkifanya jambo jema.

Lambo likishajaa msilirushie samaki. Tegeni migono (mitego ya kikapu) 10 kwa usiku mmoja kila mwezi, miezi mitatu, kwenye majani ya kingoni ambako vifaranga hujificha, na mpitishe wavu mdogo asubuhi jua likipasha maji ya kando. Akionekana perege hata mmoja hapo katikati, hakuingia kwa miujiza: kagua mfuko wa kijito, kagua chemchemi, uliza watoto wa shule. Samaki wa namna hiyo kwa kawaida ametoka kwenye chupa ya maji ya mtoto.

Migono ikitoka mitupu, leteni urolepis kutoka bonde la Rufiji lenyewe, kwenye sehemu ya juu ya kijito ambayo vipande vya pezi vimeonyesha ni safi. Bwawa la Mtera ni karibu ila si mahali pa kuchukulia mbegu bila kupimwa, ni mkusanyiko wa mito yote ya juu. Samaki 40 au 50 wa kuzaa, majike yakizidi madume mara mbili au tatu, wanatosha kujaza lambo la ukubwa huo kwa misimu miwili. Usafirishaji ni ndoo yenye maji ya kisima, si ya mtoni, na kila samaki apite mkononi mmoja mmoja akiangaliwa mkia.

---

Mwanalambo (Iringa Vijijini)

Nashukuru wote. Swali dogo: wale samaki tutakaowavua siku ya kukausha, tukiwa tumeshaweka chokaa upande mmoja, bado wanalika?

---

Bomba_Nne (Makambako)

Vueni wote kwanza, chokaa baadaye, siku tofauti. Waliouawa na chokaa matamvua na ngozi vimeungua, nyama inaharibika haraka. Hao chimbieni shimo la mita 1 mbali na kijito, fisi na mbwa wasiwafukue.